Una hela ya diski mbili tu? Usiziweke zote ndani ya boksi moja

Leo sijaja na mbinu ya kupiga picha nguo wala ya kumjibu yule mteja anayesema "nitakucheki" halafu anapotea. Leo naongelea kitu ambacho wengi tunakikumbuka kikishakufa: pale tunapotunza picha za mzigo, orodha za oda na madeni ya wateja.

Naandika kwa sababu kila siku naona watu wanashauriana hivi: "Simu imejaa? Nunua kompyuta ya mezani iliyotumika, weka diski mbili, jitengenezee seva yako ya nyumbani, umemaliza. Diski moja ikifa nyingine ipo." Ushauri unasikika vizuri. Mimi niliufuata, na ulinifanya nipigie wateja simu mmoja mmoja kuwauliza wamenilipa shilingi ngapi.

Kwa hiyo nina maoni tofauti, na nitayatetea: kama mtaji wako unatosha diski mbili tu, usiziweke zote ndani ya boksi moja. Moja ikae ndani ifanye kazi. Nyingine ikae nje, tena ikiwezekana nyumba nyingine kabisa.

Kabla hujanipinga, sikiliza kilichonikuta.

NILIVYOMUUA MZIMA NIKAMWACHA MGONJWA

Nauza magauni na viatu vya kike mtandaoni, na nina fremu ndogo huku Mbagala. Shule niliishia kidato cha nne. Mambo ya kompyuta nimejifunza mwenyewe, kwa kuangalia video na kwa kuharibu vitu.

Mzigo ulipoanza kutoka, video na picha zilijaza simu yangu na ya mdogo wangu. Nikanunua kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, nikaongeza diski mbili mpya za TB 2, zote duka moja, siku moja. Nikaweka programu ya bure ya OpenMediaVault, nikaziunganisha kwa mtindo ambao mafundi wanauita reidi 1. Mimi nauita kioo: unachoandika kwenye diski ya kwanza kinaandikwa na kwenye ya pili palepale. Nikajiona nimefika.

Mwaka na kitu ulipita salama. Ukaja msimu wa mvua, umeme ukawa unakatika na kurudi. Asubuhi moja seva ikawa nzito, faili moja linafunguka kwa dakika nzima. Nikaingia kwenye ukurasa wake nikakuta imeandikwa kwamba diski moja imetoka kwenye kioo. Kuangalia tarehe, ilikuwa imetoka wiki tatu nyuma. Programu ina sehemu ya kuweka imeli ili ikutumie taarifa, na mimi sikuwahi kuijaza. Wiki tatu nilikuwa natembea na mguu mmoja na sijui.

Hapo nikafanya makosa matatu ndani ya siku moja.

Kosa la kwanza. Mfumo ulisema diski iliyokufa ni "sdb". Nikafungua boksi, nikakuta diski mbili zinafanana kama pacha, hazina alama. Nikajiambia "a" ni ya juu, "b" ni ya chini. Nikachomoa ya chini. Kumbe hizo herufi hazina uhusiano na juu wala chini. Kompyuta inazigawa kadiri inavyozikuta diski wakati inawaka, na zinaweza kubadilika ukizima na kuwasha. Niliyochomoa ndiyo ilikuwa nzima.

Kosa la pili. Nikachomeka diski mpya, nikawasha, seva ikaamka. Nikaona mafaili yangu, nikasema alhamdulillah. Sikuangalia kwamba mafaili yanaishia wiki tatu nyuma. Nikabonyeza ijenge kioo upya. Kujenga upya maana yake ni kuisoma diski iliyobaki kuanzia mwanzo mpaka mwisho, saa nyingi bila kupumzika. Na iliyobaki ilikuwa mgonjwa. Ilifika katikati ikaanza kugonga, tik, tik, tik, ikanyamaza.

Kosa la tatu ndiyo linaniuma mpaka leo. Ile niliyoichomoa nilishaipeleka kwenye laptopu ya Windows nione kama imekufa kweli. Laptopu ikasema diski hii huwezi kuitumia mpaka uifomati. Nikaona si imeshakufa, nikabonyeza ndiyo. Ikakubali! Nikafurahi nimepata diski ya nje ya bure, mdogo wangu akajaza muvi zake. Baadaye sana ndiyo nikaelewa: seva yangu inaandika kwa mtindo wa Linux, na Windows haiwezi kuusoma huo mtindo. Inapoomba uifomati diski ya namna hiyo haimaanishi diski ni mbovu. Inamaanisha tu kwamba yenyewe haielewi kilichoandikwa.

Picha nilipiga upya, nilipoteza muda tu. Kilichonivunja ni lile faili la wateja wa lipa mdogo mdogo. Watu 23 walikuwa wananilipa kidogo kidogo. Waliotuma kwa simu, meseji za muamala zilinisaidia. Waliolipa mkononi, sikuwa na kitu. Nikawapigia mmoja mmoja. Mama mmoja wa Kigamboni, mimi kichwani nakumbuka ametoa elfu 40, akaniambia, "Subiri nichukue daftari, mwanangu." Akanisomea tarehe na kiasi, kila mara aliyotoa. Ilikuwa elfu 60. Mama na daftari la shule alikuwa na rekodi nzuri kuliko mimi na seva yangu.

Mwingine akasema amemaliza kulipa. Sikuwa na ushahidi wa kumkubalia wala wa kumkatalia. Nilimpa gauni lake, maana kosa la rekodi lilikuwa langu, si lake.

KIOO SI BAKAPU

Sasa tuongee ukweli. Kioo kina kazi moja: diski moja ikifa, kazi isisimame. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kina David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walipotoa andiko lao maarufu kuhusu mfumo huu mwaka 1988, walikuwa wanafikiria kompyuta kubwa na namna ya kuunganisha diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi kama moja kubwa, bila kifo cha mojawapo kuangusha mfumo mzima. Ni kitu kizuri kwa benki. Benki haiwezi kumwambia mteja "mashine imelala, njoo kesho".

Wewe unaweza. Jiulize: duka langu likikosa picha za zamani kwa siku moja, nitakufa? Hutakufa. Utaposti za kwenye simu. Lakini rekodi za madeni zikipotea moja kwa moja, hapo ndipo mtaji unapoondoka. Sisi wadogo hatuogopi kusimama siku moja, tunaogopa kupoteza. Kioo kinatibu ugonjwa ambao hatuna.

Angalia ambavyo hakikusaidii. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika pande zote mbili sekunde hiyohiyo. Kirusi kikifunga mafaili, kinafunga pande zote. Mwizi akibeba boksi, amebeba zote. Umeme ukirudi na nguvu ya ajabu, unazipiga zote. Bati likivuja juu ya boksi, zote zimelowa. Halafu kuna wewe mwenyewe na haraka zako, kama mimi. Ongeza na hili: diski mbili zilizonunuliwa siku moja, zimefanya kazi sawa, zimekaa kwenye joto moja, zinazeeka pamoja. Ya kwanza ikifa, usiione ya pili kuwa kijana.

Najua mtakachosema: "Kioo kinajifanyia chenyewe, hiyo ya nje mpaka nikumbuke kunakili." Ni kweli kabisa, na ndiyo udhaifu wa njia yangu. Nakubali. Lakini ukinakili kila Jumapili usiku, ukisahau kabisa umepoteza wiki moja au mbili. Wiki mbili unaweza kuziokota kwenye meseji na kwenye chati za WhatsApp. Mwaka mzima huokoti. Hela ikipatikana ya diski ya tatu, hapo sasa weka kioo ndani na ya nje ibaki palepale. Ila kioo kiwe cha mwisho kununua, kisiwe cha kwanza.

DISKI IKIANZA KUSUMBUA, FUATA MPANGILIO HUU

Hii ndiyo sehemu ya kutunza. Piga skrinishoti kabisa.

1. Toa mikono. Usiongeze faili jipya, usizime na kuwasha mara tano ukitegemea itapona, na usibonyeze kitu chochote kinachosema kufomati, kuanzisha upya au kurekebisha. Diski nyingi za watu kama sisi haziuliwi na ugonjwa, zinauliwa na matibabu.

2. Sikiliza. Ikiwa inagonga au inakwaruza, zima sasa hivi. Ndani ya diski za aina hii kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa vumbi. Kikigusa, kinakwangua data zako. Kila dakika unayoiacha inaendelea kugonga unaweza kuwa unapoteza zaidi. Na tafadhali, habari ya kuiweka kwenye friji achaneni nayo. Ukiitoa inatokwa jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo linaweza kuingia ndani.

3. Kama bado inasoma, nakili kwanza, tafuta ugonjwa baadaye. Anza na vile visivyoweza kupatikana tena: madeni, oda, namba za wateja. Kisha picha za mzigo uliopo. Video za mwaka juzi na muvi, mwisho kabisa. Watu wanaburuta folda zima, diski inafia kwenye muvi kabla haijafika kwenye madeni.

4. Ukishanakili, soma ripoti ya afya. Kila diski ina kumbukumbu yake ya ndani inayoitwa SMART. Kwenye OpenMediaVault ipo sehemu yake. Kwenye Windows tumia CrystalDiskInfo, ni ya bure. Usihangaike na mistari yote, angalia minne:

Namba 5: vipande vilivyoharibika ambavyo diski imeshavihama. Ikiwa sifuri, vizuri. Ikipanda wiki hadi wiki, diski inaondoka.

Namba 197: vipande vinavyosubiri kwa sababu havisomeki vizuri.

Namba 198: vipande vilivyoshindikana kusomeka diski ilipojikagua. Hii na 197 zikiwa juu ya sifuri, nakili haraka na anza kutafuta hela ya diski nyingine.

Namba 199: makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta. Hapa mara nyingi mbaya ni waya, siyo diski. Hesabu hii haishuki hata ukitengeneza, kwa hiyo iandike leo, badilisha waya, halafu angalia baada ya siku chache kama bado inapanda. Ikisimama, umepona kwa bei ya waya.

Kwenye CrystalDiskInfo namba hizi zimeandikwa 05, C5, C6 na C7. Ni zilezile, usichanganyikiwe.

5. Jaribu vya bei rahisi kabla ya kununua diski. Zima, chomoa waya wa data, chomeka tena vizuri. Badilisha waya. Hamisha kwenye tundu lingine. Kisha umeme: diski kubwa inakula umeme mwingi pale inapoanza kuzunguka, kwa hiyo pawa saplai iliyochoka inaifanya ipotee na kurudi kana kwamba imekufa. Kwa wenye vile viboksi vya kuchomeka chaja, chaja ikichoka ni hivyohivyo. Ukinunua nyingine, volti ziwe zilezile, ampia zisipungue, na chanya na hasi zikae vilevile. Pitisha na brashi kwenye feni. Joto na vumbi vya huku kwetu si vya mchezo.

6. Kabla ya kuchomoa, soma namba ya seriali. Mfumo unakuonyesha namba ya diski iliyokufa, na namba hiyohiyo imechapwa kwenye karatasi ya juu ya diski. Zilingane ndipo uchomoe. Fanya hivi leo, kabla haijafa: andika kwa maka peni namba nne za mwisho upande unaoonekana. Ni kazi ya dakika kumi. Mimi ingeniokolea watu 23.

7. Kama una kioo, usijenge upya kabla hujanakili pembeni. Umeona yaliyonikuta. Kujenga upya ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa diski iliyobaki, na unaipa kazi hiyo siku ambayo ndiyo pekee uliyonayo.

Na usiiamini ripoti nzuri kupita kiasi. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa utafiti wa diski zao zaidi ya laki moja. Waliona kwamba ripoti ikianza kuonyesha makosa, hatari ya kufa inapanda sana. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kwenye ripoti. Yaani ripoti mbaya iamini, ripoti nzuri isikulaze usingizi.

UKIENDA KWA FUNDI

Hapa wengi tunaumia kwa lugha tu. Ukimwambia fundi "kaka, diski yangu haifunguki, nitengenezee", atakutengenezea. Ataifomati, itafunguka, atakupa ikiwa safi haina kitu, na kwa upande wake kazi ameifanya. Mwambie mapema, tena mwandikie kwenye karatasi: "Nataka data. Diski yenyewe siitaki. Usifomati."

Halafu muulize atafanyaje. Fundi anayejua ataanza kwa kuinakili diski nzima kwenda diski nyingine, wengi wanatumia programu inayoitwa ddrescue, kisha afanye kazi kwenye nakala, siyo kwenye mgonjwa. Akitaka kuifungua diski juu ya meza palepale katikati ya vumbi la mtaa, shukuru, chukua diski yako, ondoka.

NINAVYOFANYA SASA

Ndani ya seva kuna diski moja. Kuna ya nje mbili ndogo zinazopokezana: moja iko kwangu, nyingine kwa mama yangu Temeke. Jumapili usiku nanakili, nikienda kumsalimia mama nabadilisha. Zile mbili nilizipata taratibu, sikuanza nazo. Unaweza kuanza na moja.

Ni ile kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Alikuwa anawaambia wapiga picha, na sisi tunaouza mtandaoni ni wapiga picha tu, tofauti yetu ni kwamba tunauza na kilichomo kwenye picha.

Imeli ya taarifa nimeijaza na nimeijaribu mpaka nikaona ujumbe umefika. Kila tarehe moja nafungua mafaili matatu kutoka ile ya nje nione kama yanafunguka kweli, maana bakapu ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu.

Na madeni? Madeni yapo kwenye kompyuta na yapo kwenye kaunta buku. Mteja akilipa naandika, nampiga picha ukurasa wake namtumia WhatsApp. Kwa hiyo nakala moja anayo yeye mwenyewe. Hilo nimefundishwa na yule mama wa Kigamboni, na bado ni mteja wangu.

Kwa hiyo usiku wa leo, kabla hujaposti mzigo mpya, chukua flashi hata ya GB 8, nakili faili la wateja na madeni, ipeleke kwa mtu unayemwamini. Hayo mengine ya seva tutaelekezana taratibu.

Swali langu kwenu: boksi lako likiibiwa usiku huu, kesho asubuhi utajuaje nani anakudai na nani unamdai? Nijibu hapo chini, na mtumie mwenzako aliyenunua diski mbili juzi.